KAMBI AU MAKAZI? HESABU YA KUISHI KATIKA SAYARI YA MIRIHI

Utangulizi

Watu wengi wasikiapo habari za safari za anga huuliza swali moja: ni lini mwanadamu atafika katika sayari nyingine? Swali hilo ni zuri, lakini si zito kuliko yote. Kufika mahali ni jambo moja, na kuishi mahali hapo ni jambo jingine. Kati ya mwaka 1969 na 1972 wanaanga 12 wa Marekani walitembea juu ya uso wa Mwezi. Waliokaa muda mrefu kupita wenzao, yaani wale wa safari ya Apollo 17, walikaa siku tatu hivi, kisha wakarudi. Kila pumzi waliyovuta, kila tone la maji walilokunywa na kila tonge walilokula, vyote vilitoka Duniani.

Makala haya yana shabaha ya kumpa mwanafunzi na mwalimu wake kipimo cha kupimia habari za namna hiyo zinapotangazwa. Kipimo chenyewe ni hiki: endapo vyombo kutoka Duniani vitaacha kuja, watu walioko huko wataweza kuendelea kuishi kwa siku ngapi? Ikiwa siku hizo zinahesabika, mahali hapo ni kambi. Ikiwa watu hao, na watoto wao baada yao, wanaweza kuendelea na maisha bila kungoja mzigo, hapo ndipo tunapoweza kusema kuwa pana makazi.

Kambi si kitu cha kudharauliwa. Katika Ncha ya Kusini ya Dunia kimo kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott, ambacho kimekaliwa na watu mfululizo tangu kilipojengwa mwaka 1956-57. Hewa ya kuvuta huko ipo, na barafu ya kuyeyusha ipo tele, lakini chakula na mafuta hupelekwa kutoka mbali. Kadhalika, Kituo cha Kimataifa cha Anga, kizungukacho Dunia kwa kimo cha kilometa 400 hivi, kimekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000. Mambo mengi yamejifunzwa katika vituo hivyo viwili. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kinachoweza kudumu iwapo mizigo itakoma. Kwa kipimo chetu, vyote viwili ni kambi.

Kwa nini Mirihi?

Jirani zetu wa karibu angani ni watatu: Mwezi, Zuhura na Mirihi. Zuhura inakaribiana na Dunia kwa ukubwa, lakini joto la uso wake hufikia nyuzi 460 hivi za Selsiasi, na kanieneo ya angahewa yake ni takriban mara 90 ya ile ya Dunia. Chombo cha Kisovieti Venera 13, kilichotua huko mwaka 1982, kilidumu kikifanya kazi kwa dakika 127 tu. Mwezi ni wa karibu, safari yake ni ya siku tatu hivi; ila hauna angahewa ya kufaa kitu, na usiku wake huchukua majuma mawili.

Mirihi ndiyo iliyo na nafuu. Siku yake ni ya saa 24 na dakika 40 hivi, kwa hiyo usingizi wa mtu na kukua kwa mmea haviwezi kuvurugika sana. Ina majira ya mwaka, ingawa mwaka wake ni wa siku 687 za Dunia. Ina barafu ya maji. Ina angahewa, japokuwa nyembamba. Lakini neno "nafuu" lisitudanganye. Wastani wa joto lake ni nyuzi 60 na zaidi chini ya sifuri. Kani ya mvutano ni asilimia 38 tu ya ile ya Dunia: mwanafunzi mwenye tungamo la kilogramu 50, ambaye uzito wake hapa ni nyutoni 490, huko atakuwa na uzito wa nyutoni 185 hivi, hali tungamo lake halikupungua hata gramu moja.

Safari na kalenda yake

Dunia na Mirihi hulizunguka Jua kwa mwendo usiolingana. Kwa sababu hiyo umbali kati yake hubadilika, kutoka kilometa milioni 55 hivi zinapokaribiana sana hadi kilometa milioni 400 zinapokuwa pande mbili za Jua. Roketi haiwezi kuondoka siku yoyote ipendayo. Nafasi inayofaa, ambayo huokoa mafuta, hutokea mara moja katika kila miezi 26. Safari ya kwenda huchukua kati ya miezi sita na tisa, na mara nyingi msafiri hana budi kungoja huko kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla nafasi ya kurudi haijafika. Safari nzima, basi, ni ya miaka miwili na nusu au mitatu.

Hata mazungumzo nayo yana kalenda yake. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Tukigawa umbali kwa kasi hiyo, twapata kuwa neno moja huchukua dakika 3 hadi 22 kufika, na jibu huchukua muda uo huo kurudi. Mgonjwa aliyeko Mirihi hawezi kumwuliza daktari aliyeko Duniani swali na kupata jibu papo hapo. Na pampu ya hewa ikiharibika, kipuri chake hakitatoka hapa mpaka nafasi nyingine ifunguke. Jambo hili la miezi 26 ndilo linaloitofautisha Mirihi na kituo cha anga, ambako wanaanga wanaweza kurudi nyumbani kwa muda wa saa chache.

Hewa

Hapa ndipo hesabu yetu inapoanza hasa. Mpandaji afikaye kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hukuta kanieneo ya hewa karibu nusu ya ile ya pwani, na huhema kwa taabu. Akiweza kupanda hadi kilometa 19 hivi, kanieneo itakuwa ndogo kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. Kanieneo ya uso wa Mirihi iko chini hata ya hapo: haifiki asilimia moja ya ile ya Dunia. Kwa hiyo mtu atokaye nje bila vazi la kanieneo hatapata nafasi ya kulalamikia baridi. Atapoteza fahamu kwa muda wa sekunde chache.

Hewa hiyo nyembamba ni kaboni dayoksaidi kwa asilimia 95. Gesi hiyo haivutwi, lakini ndani yake mna oksijeni iliyofungwa, nayo yaweza kufunguliwa kwa umeme na joto:

2CO2 → 2CO + O2

Jambo hilo si la kinadharia tena. Chombo Perseverance cha Marekani, kilichotua Mirihi tarehe 18 Februari 1921 + 100, yaani mwaka 2021, kilibeba mtambo mdogo uitwao MOXIE, wenye tungamo la kilogramu 17 hivi. Mtambo huo uliikusanya hewa ya Mirihi, ukaipasha hadi nyuzi 800 hivi, ukatenganisha oksijeni kwa umeme. Hadi kazi yake ilipomalizika mwaka 2023 ulikuwa umewashwa mara 16, na jumla ya oksijeni iliyopatikana ilikuwa gramu 122. Ulipofanya kazi kwa nguvu zake zote ulitoa gramu 12 kwa saa.

Tuziweke tarakimu hizo mezani. Mtu mmoja huhitaji gramu 840 hivi za oksijeni kwa siku, sawa na gramu 35 kwa saa. Gramu 122 zingemtosha mtu mmoja kwa saa tatu na nusu. Gramu 12 kwa saa ni theluthi moja tu ya haja yake. Kwa hiyo mitambo mitatu ya namna hiyo, ikifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, ingemtosheleza mtu mmoja.

Lakini pumzi si mtumiaji mkubwa wa oksijeni. Mafuta ya roketi hayawezi kuwaka bila oksijeni, na wanasayansi wa NASA wamekadiria kuwa kuwanyanyua wanaanga wanne kutoka Mirihi kungehitaji tani 25 hivi za oksijeni na tani 7 za mafuta. Wanaanga hao hao wanne, kwa kuvuta pumzi mwaka mzima, hawatumii zaidi ya tani 1.2. Maana yake ni kwamba njia ya kurudi nyumbani ina gharama kubwa mara 20 kuliko kukaa. Mtambo wa gramu 12 kwa saa ungechukua miaka 230 na zaidi kujaza tangi hilo. Hiyo ndiyo sababu wahandisi husema kuwa mtambo utakaofaa lazima uwe mkubwa mara mamia.

Maji

Mwaka 2008 chombo Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, kikachimba kidogo, kikathibitisha kuwa chini ya udongo kuna barafu ya maji. Habari hiyo ilikuwa njema. Chombo hicho hicho kiligundua pia kuwa udongo huo una chumvi ziitwazo pakloreti, ambazo huizuia tezi ya shingoni kutumia madini ya ayodini ambayo mwili hauwezi kukosa. Maji ya huko, basi, hayana budi kusafishwa kabla ya kunywewa, na udongo hauna budi kuoshwa kabla ya kupandwa mbegu.

Kilicho muhimu zaidi kuliko kupata maji ni kutoyapoteza. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, mkojo, jasho na mvuke wa pumzi hukusanywa na kusafishwa hata yakawa maji ya kunywa. Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa mitambo hiyo imefikia kiwango cha kurudisha asilimia 98 ya maji. Tuchukue mfano wa watu wanne, kila mmoja akitumia lita 4 kwa siku, kwa siku 780 ambazo ni miezi 26. Bila kusafisha watahitaji lita 12,480, yaani tani 12 na nusu. Wakirudisha asilimia 98, upotevu wao wote utakuwa lita 250 tu. Tofauti kati ya tani 12 na robo tani haikuletwa na roketi yenye nguvu zaidi. Imeletwa na kichujio.

Chakula na funzo la Arizona

Kwa kuwa hewa yaweza kutengenezwa na maji yaweza kusafishwa, yaonekana imebaki kupanda mimea tu. Mimea hupokea kaboni dayoksaidi na kutoa oksijeni; watu hufanya kinyume chake; mzunguko umefungika. Katika vitabu mzunguko huo huchorwa kwa mishale miwili. Je, mishale hiyo hutii?

Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane waliingia katika jengo kubwa la vioo liitwalo Biosphere 2, huko Arizona, Marekani, milango ikafungwa. Ndani ya eneo la hekta 1.27 mlikuwa na msitu mdogo, shamba, ziwa la maji ya chumvi, mifugo na wadudu. Shabaha ilikuwa wakae miaka miwili bila kupokea chakula wala hewa kutoka nje. Walilima, wakavuna sehemu kubwa ya chakula chao, ingawa walikonda. Lakini hewa iliwashangaza. Oksijeni ilianza kupungua polepole kutoka asilimia 20.9, na baada ya miezi 16 hivi ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 14. Watu wakawa wanahema na kuchoka kama waishio juu ya mlima mrefu. Mnamo Januari 1993 ikalazimu oksijeni iingizwe kutoka nje.

Oksijeni ilikwenda wapi? Udongo wa shamba ulikuwa umetiwa mbolea nyingi ya mimea iliyooza. Bakteria wa udongo waliila mbolea hiyo, wakatumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Ilitazamiwa kuwa kaboni dayoksaidi ingeongezeka kwa kiasi kile kile, na mimea ingeirudisha iwe oksijeni. Haikuonekana kuongezeka kwa kiasi hicho. Uchunguzi ulibainisha kuwa kuta za zege zilikuwa zikiinyonya kwa mmenyuko ambao kila mwanafunzi wa kemia ameuona maji ya chokaa yanapopulizwa na kugeuka meupe:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Oksijeni ya watu wanane ilikuwa imefungwa ndani ya ukuta. Mwalimu anaweza kulitumia jambo hili darasani, kwani linaonyesha wazi kwamba kanuni ya kutopotea kwa maada si maneno ya mtihani: kitu kisipoonekana, hakina budi kuwa mahali fulani.

Yapo majaribio mengine yaliyofanywa kwa kiasi kidogo zaidi na kwa uangalifu mkubwa. Katika mji wa Krasnoyarsk, Siberia, jengo la BIOS-3 lililokamilika mwaka 1972 liliwahi kuwahifadhi watu watatu kwa siku 180, wakipata hewa kutokana na ngano na miani. Huko Beijing, kati ya 2017 na 2018, wanafunzi wa chuo kikuu walikaa kwa zamu katika jengo la Yuegong-1 kwa jumla ya siku 370. Majengo yote hayo yalitegemea umeme wa nje. Kwenye Mirihi umeme nao ni hesabu nyingine: kwa kuwa sayari hiyo iko mbali na Jua mara 1.52 kuliko Dunia, nuru inayoifikia ni asilimia 43 tu, na tufani za vumbi huweza kuifunika. Tufani ya mwaka 2018 iliizima gari la uchunguzi Opportunity, ambalo lilikuwa likitumia umeme wa Jua tangu mwaka 2004.

Mwili wa binadamu

Dunia imefunikwa na blanketi mbili zinazotukinga na mionzi ya angani: angahewa nene na ugasumaku. Mirihi haina angahewa nene, wala haina ugasumaku unaoizunguka yote. Gari la uchunguzi Curiosity lilibeba kifaa cha kupimia mionzi. Wakati wa safari, kati ya 2011 na 2012, kilionyesha milisiverti 1.8 kwa siku. Kilipofika juu ya uso wa Mirihi, milisiverti 0.67 hivi. Mtu aliyeko Duniani hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka mzima.

Tukikadiria siku 180 za kwenda, siku 500 za kukaa na siku 180 za kurudi, jumla ni milisiverti 983. Kikomo kilichowekwa na NASA kwa mwanaanga, katika maisha yake yote ya kazi, ni 600. Kinga ya bei nafuu ni udongo: nyumba za huko hazitakuwa kuba za vioo kama zichorwavyo katika majarida, bali mapango na majengo yaliyofunikwa kwa tuta nene la udongo.

Kuna pia suala la mvutano. Katika hali ya kutokuwa na uzito mifupa ya mwanaanga hupoteza asilimia 1 hivi ya madini yake kwa mwezi, ijapokuwa mazoezi hupunguza hasara hiyo. Daktari Valeri Polyakov alikaa katika kituo cha Mir siku 437 mfululizo, kuanzia Januari 1994 hadi Machi 1995, akarudi salama. Lakini mvutano wa asilimia 38, kwa miaka mingi, haujawahi kujaribiwa kwa binadamu yeyote. Wala hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa nje ya Dunia. Neno makazi haliwezi kutamkwa bila mtoto ndani yake, na mtu mzima anaweza kukubali hatari kwa hiari yake, ilhali mtoto hakuulizwa. Hili si swali la wahandisi peke yao.

Hitimisho

Sasa turudi kwenye kipimo chetu. Kwa maarifa yaliyopo, watu watakaotangulia kwenda Mirihi watakuwa na hewa ya kutengeneza, maji ya kusafisha na chakula cha kupelekewa. Watakuwa wakaaji wa kambi. Ili kambi hiyo igeuke makazi, haitoshi wao wavune viazi; lazima waweze pia kuyeyusha chuma, kutengeneza vioo, dawa, nyaya na pampu, na kuwafundisha vijana kazi hizo zote. Nyuma ya pampu moja kuna mgodi, kiwanda na shule.

Kwa hiyo msomaji atakaposikia kuwa mji utajengwa Mirihi, asikimbilie kushangilia wala kubeza. Na aulize: oksijeni kilogramu ngapi kwa siku? Maji yanarudishwa kwa asilimia ngapi? Umeme unatoka wapi wakati wa tufani? Nani atatengeneza kipuri? Maswali hayo yanajibika kwa hesabu na kemia ya shule ya sekondari, na anayeyauliza hadanganyiki kwa urahisi.

Na kwa kuyauliza tutakuwa tumejifunza pia habari za nyumbani. Kazi ambayo watu wanane walishindwa kuifanya kwa hekta 1.27, udongo, misitu na bahari za Dunia huifanya kila siku kwa ajili ya watu zaidi ya bilioni 8, wala hakuna mtu anayeandikiwa hati ya malipo.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa kutumia mlingano wa kutenganisha kaboni dayoksaidi, kokotoa ni gramu ngapi za gesi hiyo zinazohitajika ili kupata gramu 840 za oksijeni. (C = 12, O = 16)

2. Mtambo wa oksijeni hutoa gramu 12 kwa saa. Ni mitambo mingapi ya namna hiyo inayohitajika ili kupata tani 25 kwa muda wa siku 780?

3. Nuru ya Jua hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Thibitisha kuwa Mirihi hupata asilimia 43 hivi ya nuru inayoifikia Dunia.

4. Eleza jinsi ambavyo kupaka kuta za zege rangi isiyopitisha hewa kungeweza kubadili matokeo ya jaribio la Arizona. Je, oksijeni isingepungua kabisa?

5. Mjadala wa darasa: "Si haki kumzaa mtoto mahali ambapo hawezi kuondoka." Jadilini pande zote mbili.